Majivu Yaliyogeuka Kioo: Historia ya Bakuli la Chai la Moto wa Kuni Nchini Japani

Bakuli la chai la Kijapani, chawan, ni chombo cha udongo chenye upana wa sentimita 12 hivi na kimo cha sentimita 7 au 8. Ndani yake hukorogwa na kunywewa chai ya kijani iliyosagwa ikawa unga, matcha. Yako mabakuli ya namna nyingi, lakini yaliyochomwa kwa kuni katika matanuri ya kale yana sifa moja ya pekee: utando wa kioo unaoyafunika haukupakwa na mtu. Mfinyanzi huliingiza bakuli tanurini likiwa udongo mtupu. Majivu ya kuni huchukuliwa na miali, hutua kwenye chombo, huyeyuka, na kugeuka kioo cha kijani, cha manjano au cha rangi ya kaharabu. Wajapani huuita utando huo shizen-yu, yaani utando wa asili.

Kwa kuwa linaonekana gumu, lenye makovu na lisilo na urembo wa kuchorwa, bakuli hili hudhaniwa kuwa chombo cha kale kilichorithiwa bila kubadilika. Historia yake si nyepesi hivyo. Moto unaotoa kioo hicho una zaidi ya miaka 1,500 nchini Japani, na desturi ya kunywa chai ya unga ina miaka 800 na ushei. Lakini bakuli la chai lenye utando wa majivu, kwa namna linavyothaminiwa leo, ni kazi ya karne ya 20 kwa sehemu kubwa. Lilianza kama ajali ya tanuri, ajali hiyo ikapendwa na watu wa chai, ikaachwa kwa zaidi ya miaka 200, kisha ikarudishwa kwa makusudi na wafinyanzi waliolazimika kujifunza upya kila kitu.

Jinsi majivu yanavyokuwa kioo

Kiini cha kioo ni silika, madini yaliyomo kwenye mchanga na kwenye udongo. Silika peke yake huyeyuka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 1,700 za selsiasi, ambalo tanuri la kuni haliwezi kulifikia. Majivu ya kuni yana kalsiamu nyingi, pamoja na potasiamu na magnesiamu. Madini hayo yakikutana na silika na alumina ya udongo, huzilainisha, na mchanganyiko wote huanza kuyeyuka joto linapopita nyuzi 1,200. Kwa hiyo majivu huleta nusu ya kioo, na bakuli lenyewe hutoa nusu ya pili.

Rangi huamuliwa na hewa. Udongo na majivu vyote vina chembe za chuma. Tanuri likishindiliwa kuni nyingi kwa mara moja, moto hukosa oksijeni ya kutosha na huinyang'anya ile iliyoshikamana na chuma. Hapo kioo hutoka kijani, pengine cha kuelekea buluu. Hewa ikiwa tele, kioo hutoka manjano au kahawia. Pale ambapo majivu hayakufika, mvuke wa potasiamu na sodiamu hupita na kuuachia udongo wekundu wa rangi ya chungwa, unaoitwa hi-iro, rangi ya moto. Sehemu iliyofukiwa na makaa mekundu hubaki na ukoko mweusi wa kijivu, koge. Majivu yakitua kwa wingi na kuyeyuka sana, kioo hutiririka na kuganda kwa matone ya kijani yanayoitwa bidoro, jina lililotokana na neno la Kireno la kioo, kwani Wareno walifika Japani mwaka 1543 na lugha yao ikaacha alama zake.

Bakuli moja basi huweza kuwa na sura nne tofauti. Upande uliotazama moto umefunikwa kioo. Upande uliougeuzia moto mgongo ni mwekundu na mkavu. Karibu na kitako kuna ukoko mweusi. Na pale bakuli lilipokalia kigingi cha udongo au gamba la chaza limebaki kovu. Mtu anayejua matanuri akilizungusha bakuli mkononi anaweza kusema lilikaa wapi, lililala au lilisimama, na miali ilipita kutoka upande gani.

Moto uliotoka Korea

Kabla ya karne ya 5, vyombo vya udongo vya Japani vilichomwa kwenye moto wa wazi kwa joto lisilofika nyuzi 1,000. Vilivunjika upesi na vilivujisha maji. Mwanzoni mwa karne hiyo wafinyanzi kutoka rasi ya Korea walivuka bahari wakiwa na elimu mbili mpya: gurudumu la kufinyangia, na tanuri la pango linaloitwa anagama. Tanuri hilo ni handaki lililochimbwa kwenye mteremko wa kilima, au mtaro mrefu uliofunikwa kwa kuba la udongo. Mdomo wa kutilia kuni uko chini na tundu la moshi liko juu, kwa hiyo mteremko wenyewe huvuta miali na kuipitisha katikati ya vyombo. Joto lilipanda kupita nyuzi 1,100, na udongo ukashikamana ukawa mgumu, wa kijivu, usiopenyeza maji.

Vyombo hivyo vinaitwa Sue. Kitovu chao kilikuwa Suemura, kwenye vilima vya kusini mwa Osaka ya leo, ambako wachunguzi wa mambo ya kale wamegundua mabaki ya mamia ya matanuri. Mabega ya mitungi mingi ya Sue yana madoa ya kijani yanayong'aa. Katika tanuri la pango hakuna ukuta kati ya kuni na vyombo, kwa hiyo majivu yalitua yalipopenda. Wafinyanzi wa Sue hawakuyatafuta madoa hayo wala hawakuyakwepa.

Katika karne ya 9, wafinyanzi wa Sanage, karibu na mji wa leo wa Nagoya, walipiga hatua ya kimantiki: kama majivu yakianguka hugeuka kioo, basi yachanganywe na maji na yapakwe kabla ya kuchoma. Vyombo vyao vilijaribu kufanana na vyombo vya kijani kutoka China, vilivyokuwa fahari ya makabaila na mahekalu. Tangu hapo Japani ikawa na njia mbili za majivu: yale yanayopakwa kwa mkono na yale yanayoletwa na moto. Njia ya kwanza ilihesabiwa kuwa ya ustaarabu zaidi, na kwa karne nyingi ile ya pili ilibaki kuwa tabia ya vyombo vya bei nafuu.

Matanuri ya wakulima

Kuanzia karne ya 12, nguvu za makabaila wa Kyoto zilipopungua na wapiganaji wakashika utawala, mahitaji ya vyombo yalibadilika. Kilimo kilipanuka, masoko yakaongezeka, na kilichotakiwa kikawa mtungi imara wa kuwekea mbegu, maji, pombe ya mchele au rangi ya nguo, pamoja na bakuli la mikwaruzo la kusagia vyakula. Tokoname, kwenye rasi iliyo kusini mwa Nagoya, ilikuwa na matanuri mengi kuliko mahali pengine popote, na mitungi yake ilisafirishwa kwa mashua hadi kaskazini ya mbali ya kisiwa cha Honshu na hadi Kyushu. Seto, Echizen, Shigaraki, Tamba na Bizen nazo zikawa na majina. Kati ya hizo sita, ni Seto pekee iliyokuwa ikipaka utando wa kioo kwa makusudi katika zama hizo. Kwingineko, kioo kilitoka kwa moto.

Ubora wa kazi ya wakati huo unaonekana kwenye mtungi mmoja wa karne ya 12 kutoka matanuri ya Atsumi, mashariki ya Tokoname, uliofukuliwa mwaka 1942 kwenye kilima cha maziko huko Kawasaki. Umechorwa majani ya msimu wa vuli kwa mistari iliyokwaruzwa kwenye udongo mbichi, na utando wa majivu umetiririka kutoka begani ukipita juu ya michoro. Unamilikiwa na Chuo Kikuu cha Keio, na umeandikishwa kuwa Hazina ya Taifa.

Matanuri ya eneo hilo hilo yalitoa pia bakuli la kwanza linalostahili kukumbukwa hapa. Kwa karne kadhaa yalichoma kwa maelfu mabakuli ya kawaida yasiyo na utando, yanayoitwa leo yamachawan, mabakuli ya chai ya mlimani, kwa sababu vigae vyake vimetapakaa vilimani. Jina hilo ni la baadaye. Yalikuwa vyombo vya kulia chakula vya watu wa kawaida. Yalipangwa tanurini moja ndani ya jingine bila kitu cha kuyatenganisha isipokuwa makapi ya mpunga chini ya kitako, na alama za makapi hayo bado zinaonekana. Katika kila mrundo, bakuli la juu kabisa ndilo lililonyeshewa majivu. Ndilo babu wa kweli wa bakuli la majivu, ingawa aliyelitumia hakuwa na sababu ya kulitazama mara mbili.

Shigaraki, kwenye milima ya kusini mwa Ziwa Biwa, ilianza kazi katika karne ya 13 ikiiga Tokoname. Ina udongo ambao ni nadra kupatikana kwingineko. Ni mashapo ya ziwa la kale, yenye chembechembe nyeupe za felspa na mawe madogo ya kwarzi. Motoni felspa huyeyuka nusu na kutokeza juu ya ngozi nyekundu ya chombo kama punje nyeupe, na mawe hupasuka na kuacha nyufa. Wafinyanzi wake walikuwa wakulima waliofanya kazi hiyo mashamba yalipopumzika. Hawakuuchuja udongo, kwa kuwa mtungi wa mbegu haukuhitaji ulaini.

Chai na jicho jipya

Kunywa chai ya unga kulifika Japani pamoja na mtawa wa Zen, Eisai, aliyetoka China mwaka 1191 akiwa na mbegu za chai, na aliyeandika mwaka 1211 kitabu kuhusu faida za chai kwa afya. Kwa karne tatu zilizofuata, bakuli la heshima lilikuwa la Kichina: tenmoku, jeusi, linalong'aa, kutoka matanuri ya Jian katika jimbo la Fujian. Mashogun, watawala wa kijeshi wa Japani, walikusanya mabakuli hayo, na kikao cha chai kilikuwa pia maonyesho ya mali.

Mabadiliko yalianza na bwana wa chai Murata Juko (1423–1502). Katika barua yake maarufu kwa mwanafunzi wake alifundisha kwamba mpaka kati ya vyombo vya Kichina na vya Kijapani uondolewe, na akavitaja kwa majina vyombo vya Bizen na Shigaraki. Aliandika pia onyo: mwanagenzi asijitwalie vyombo hivyo vya kikavu akajifanya amekomaa, wakati hajavijua vile vizuri vinavyokubalika na wote. Onyo hilo linathibitisha kwamba tayari kulikuwa na watu walioipenda mitungi ya wakulima kiasi cha kuigeuza mtindo.

Takeno Joo (1502–1555), mfanyabiashara wa mji wa Sakai, na mwanafunzi wake Sen no Rikyu (1522–1591) waliendeleza njia hiyo, inayoitwa wabi, ya kutafuta uzuri katika upungufu na unyenyekevu. Ndoo ya udongo ya Shigaraki iliyotengenezwa kuwekea nyuzi ikawa chombo cha maji baridi cha kikao cha chai. Mtungi mdogo wa mbegu ukatiwa ua moja. Kitu chenyewe hakikubadilishwa. Lililobadilika ni jicho. Kioo kilichotiririka vibaya, jiwe lililopasuka na ubavu uliobonyea vilianza kusomwa kama mandhari, keshiki, neno linalotumika hadi leo kwa alama zote ambazo moto huuachia udongo.

Kilele kilifika Iga, ng'ambo ya vilima kutoka Shigaraki, mahali penye udongo unaofanana. Tangu mwaka 1585 eneo hilo lilikuwa chini ya Tsutsui Sadatsugu, na tangu 1608 chini ya Todo Takatora. Wote wawili walikuwa mabwana wa kivita waliopenda chai, na hapo vyombo vilifinyangwa kwa ajili ya chai tangu mwanzo. Bwana wa chai Furuta Oribe (1543–1615) alivipenda vilivyopinda na kukwaruzwa. Mitungi ya maji na vyombo vya maua vya Iga vilichomwa kwa ukali kiasi kwamba vingine viliinama na kupasuka. Maarufu kati ya vyote ni mtungi wa maji uitwao Yaburebukuro, Mfuko Uliopasuka, uliopo katika Jumba la Makumbusho la Gotoh mjini Tokyo. Umeachama ufa mpana chini ya ubavu, kioo cha kijani kimeuteremkia, na hata hivyo ukahifadhiwa badala ya kutupwa.

Kwa nini mabakuli yalikuwa machache

Katika kipindi hicho chote cha neema, matanuri ya Iga na Shigaraki yalitoa mabakuli machache sana ya chai yakilinganishwa na mitungi na vyombo vya maua. Sababu zake ni za kazi. Bakuli la chai huguswa na mdomo, viganja na upekecho wa mianzi, chasen, wenye ncha nyembamba zipatazo mia moja. Uso wenye majivu yasiyoyeyuka vizuri una makali kama msasa: hukata ncha za upekecho na kuukwaruza mdomo. Udongo usiochujwa hunyonya chai na kuacha madoa. Mtungi wa maji hauna shida hizo, kwa kuwa hakuna anayeunywea.

Watu wa chai walipata kwingine walichokitaka. Mabakuli ya Kikorea yaliyoitwa Ido, yaliyokuwa na utando laini wa rangi ya tunda la biwa, yalipewa cheo cha juu. Mjini Kyoto, mfinyanzi Chojiro alimfinyangia Rikyu mabakuli ya Raku, meusi na mekundu, yaliyojengwa kwa mkono bila gurudumu na kuchomwa kwa joto la chini, laini na mepesi kuhifadhi joto. Matanuri ya Mino yalitoa mabakuli ya Shino, meupe na mazito, na ya Seto-guro, meusi. Majivu ya asili yalibaki kuwa pambo la vyombo vinavyotazamwa zaidi kuliko vinavyoshikwa.

Kisha matanuri yenyewe yakabadilika. Uvamizi wa mtawala Toyotomi Hideyoshi nchini Korea, kati ya 1592 na 1598, uliishia na wafinyanzi wengi wa Kikorea kupelekwa Kyushu, wengine kwa nguvu. Walikuwa na ujuzi wa tanuri la ngazi, lenye vyumba vinavyopanda mlima kimoja baada ya kingine. Kila chumba hupokea joto la kilicho chini yake, kwa hiyo kuni hupungua na majivu machache tu huvifikia vyombo vya vyumba vya juu. Mapema katika karne ya 17 tanuri hilo lilifika Mino na kuenea. Kaure ilianza kutengenezwa katika mji wa Arita. Mjini Kyoto mfinyanzi Ninsei alichora vyombo kwa rangi na dhahabu, na Kobori Enshu (1579–1647), bwana wa chai aliyefuata baada ya Oribe, alipendelea usafi na wepesi. Tanuri la pango, lenye kula kuni nyingi na kuharibu vyombo vingi, likaachwa. Shigaraki iliendelea kuishi kwa mitungi ya kuhifadhia majani ya chai ya mashogun, na baadaye kwa majiko ya makaa ya kuotea moto, vyote vikiwa na utando wa kupakwa.

Kufufuliwa katika karne ya 20

Ufufuo ulianza na kigae. Mwaka 1930 mfinyanzi Arakawa Toyozo (1894–1985) alikiokota kigae cha Shino katika bonde la Ogaya, Mino, na kuthibitisha kwamba mabakuli ya Shino yalichomwa hapo na si Seto kama ilivyoaminika. Alijenga upya tanuri la mtindo wa kale lililozama nusu ardhini, akajifunza kwa kukosea. Huko Bizen, Kaneshige Toyo (1896–1967) alifanya vivyo hivyo kwa vyombo vya mji wake visivyo na utando, vilivyonyunyiziwa majivu yenye madoadoa yanayoitwa goma, yaani ufuta. Arakawa alitangazwa na serikali kuwa mhifadhi wa urithi wa taifa usioshikika mwaka 1955, na Kaneshige mwaka 1956.

Kiungo kati yao kilikuwa Kawakita Handeishi (1878–1963), mkuu wa benki katika jimbo la Mie, aliyefinyanga kwa mapenzi yake na bila kuuza. Mwaka 1942 aliwakutanisha Arakawa, Kaneshige na mfinyanzi Miwa Kyuwa wa mji wa Hagi katika kikundi kidogo cha kusaidiana. Kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mtu wa chai, aliuliza swali ambalo wafinyanzi wa mitungi hawakuwa wameulizwa: bakuli linakaaje mkononi?

Mtafiti Koyama Fujio (1900–1975) ndiye aliyeipa historia hii jina. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia aliitangaza Seto, Tokoname, Echizen, Shigaraki, Tamba na Bizen kuwa Matanuri Sita ya Kale. Utafiti wa baadaye umeonyesha kuwa matanuri ya zama za kati yalikuwa mengi zaidi ya hayo, lakini jina lilishika, na mwaka 2017 miji hiyo sita ilitambuliwa kwa pamoja kama Urithi wa Japani.

Katika Shigaraki, Ueda Naokata wa nne na Takahashi Rakusai wa tatu walirudisha rangi na ngozi ya vyombo vya kale. Kizazi kilichofuata kilirudi kwenye tanuri la pango lenyewe, wakati ambapo majiko ya gesi na umeme yalikuwa yameua soko la majiko ya makaa na mji ukitafuta kazi mpya. Furutani Michio (1946–2000) alijenga matanuri mengi ya pango, akibadilisha urefu, mteremko na upana ili kuona kila badiliko linafanya nini kwa majivu. Koyama Kiyoko, aliyezaliwa 1936, alilifuatilia kioo cha asili katika kazi iliyohesabiwa kuwa ya wanaume. Aliviona vigae vya kale vya Shigaraki vyenye kijani kisichopakwa, akaazimia kukipata, na akakipata baada ya majaribio ya miaka. Maisha yake yalichangia tamthilia ya televisheni ya NHK iitwayo Scarlet, iliyoonyeshwa mwaka 2019 na 2020.

Mikononi mwa watu hawa bakuli la chai, lililokuwa adimu katika matanuri ya kale ya majivu, likawa chombo kikuu. Mteja wa karne ya 20 hakuwa bwana wa kivita mwenye chumba kizima cha vyombo. Alitaka kitu kimoja kidogo cha kukishika, chenye ndani yake historia yote ya tanuri.

Kazi ya tanuri

Methali husema udongo uwahi ungali maji. Kwa bakuli hili sehemu ngumu zaidi huja udongo ukishakauka. Mfinyanzi hupanga vyombo kwa siku kadhaa, kwa kuwa mahali pa bakuli ndipo huamua sura yake. Karibu na kuni majivu ni mengi na hatari ni kubwa: gogo likianguka huvunja, makaa yakifukia huunguza. Katikati hupatikana kioo chepesi na wekundu. Nyuma kabisa, karibu na tundu la moshi, chombo huweza kutoka kikavu. Bakuli huwekwa juu ya vigingi vya udongo usioyeyuka au juu ya magamba ya chaza yaliyojazwa udongo, ili kioo kinachotiririka kisiligandishe na sakafu. Likilazwa ubavu, matone hukusanyika upande mmoja badala ya kushukia kitakoni.

Moto wa kwanza huwa mdogo, wa kufukuza unyevu. Kisha huongezwa kwa siku tatu, tano, saba au zaidi, usiku na mchana, wachocheaji wakipokezana zamu. Kuni bora ni msonobari mwekundu, kwa kuwa una utomvu, hutoa mwali mrefu, na majivu yake huyeyuka vizuri. Vipande vikitupwa ndani, moshi mweusi hufumuka na miali hutoka kwenye tundu la juu. Baada ya dakika chache mwali husafika na joto hupanda. Kuni zikielekea kwisha joto huanza kushuka, na hapo ndipo hutiwa nyingine. Mchocheaji akiwahi, tanuri husongwa na makaa. Akichelewa, joto lililochumwa kwa saa nzima hupotea. Mchocheaji mzoefu husikiliza mngurumo na kutazama rangi ya moto, ambayo kwenye nyuzi 1,250 hukaribia weupe. Vipande vya majaribio huchomolewa kwa fimbo ya chuma ili kuona kama majivu yameshakuwa kioo. Mwisho, mdomo na tundu huzibwa kwa udongo, na tanuri huachwa lipoe kwa siku nyingi kama zile za kuchoma. Anayefungua mapema hupasua vyombo vyake mwenyewe.

Hasara ni sehemu ya hesabu. Kati ya mabakuli yaliyoingia, mengine hushikamana, mengine hupasuka, na mengine hutoka salama lakini bila uhai. Yanayofaa kuwekwa kwenye sanduku la mbao lililotiwa saini ya mfinyanzi ni machache, na ndiyo maana bei yake ni kubwa.

Bakuli kwenye kikao cha chai

Mwenyeji huliloweka bakuli la namna hii kwenye maji kabla ya wageni kufika. Udongo ukishashiba maji haunyonyi chai, na kioo na rangi ya moto huamka. Kisha hulipasha kwa maji ya moto, huweka unga wa chai, humimina maji na kupekecha. Mfinyanzi mzuri amelifikiria kila tendo hilo: sehemu ya ndani inayoguswa na upekecho ni laini, chini kabisa kuna kishimo ambamo matone ya mwisho hukusanyika, mdomo una mawimbi madogo lakini hauna makali, kitako kimechongwa kiasi cha kushikika kwa vidole. Tatizo lililoyafanya mabakuli ya Iga ya kale kuwa machache limetatuliwa kwa njia kadhaa: kuchagua udongo laini zaidi kwa bakuli kuliko kwa mtungi, kuliweka pale ambapo majivu huyeyuka kabisa, na kusugua kwa jiwe sehemu zilizobaki na ukali.

Kila bakuli lina mbele yake, na katika bakuli la majivu mbele mara nyingi ni upande wenye mandhari nzuri zaidi ya moto. Mwenyeji huielekeza kwa mgeni kama heshima. Mgeni huligeuza kidogo ili asinywee upande huo, na akimaliza hulichunguza, akiinama karibu na mkeka ili lisianguke kutoka juu. Likivunjika, vipande huweza kuunganishwa kwa utomvu wa mti wa urushi na kunyunyiziwa unga wa dhahabu, na mshono huo huhesabiwa kuwa mandhari nyingine.

Hali ya sasa

Mtindo wa tanuri la pango umevuka mipaka. Tangu miaka ya 1970 matanuri ya aina hiyo yamejengwa Marekani, Australia na Ulaya, mengi na wafinyanzi waliokwenda Japani kujifunza, na Shigaraki ina kituo cha sanaa ya ufinyanzi kinachopokea wasanii kutoka nje. Ndani ya Japani kazi ina vikwazo. Ugonjwa wa misonobari unaoletwa na minyoo midogo iliyotoka Amerika Kaskazini umeua misitu mingi ya msonobari mwekundu, na kuni zimekuwa adimu na ghali. Moshi wa siku kadhaa hauvumiliki karibu na makazi. Wengine hunyunyiza majivu juu ya bakuli na kulichoma kwa gesi, na matokeo huweza kuwa mazuri, lakini majivu hayo hayafuati njia ya miali, na jicho zoefu hulitambua hilo kwa usawa wa utando pande zote.

Hapo ndipo thamani ya bakuli la kuni inapoonekana wazi. Utando wake unaitwa wa asili, na ni kweli hakuna brashi iliyougusa. Hata hivyo karibu kila jambo lake limechaguliwa na mtu. Mkulima wa Shigaraki aliamua kutouchuja udongo, Juko na Rikyu waliamua kuitazama mitungi yake kwa heshima, aliyeumiliki Yaburebukuro aliamua kutoutupa, na Arakawa, Kaneshige, Furutani na Koyama Kiyoko waliamua kurudi kwenye tanuri ambalo hesabu za biashara zilikuwa zimelihukumu. Moto huleta majivu, lakini kuyapokea, kuyaelekeza na kuyathamini ni kazi ya binadamu, na kazi hiyo imedumu kwa sababu kila kizazi kimekubali kuilipia gharama yake.